Karatasi Alizogawa Ema

Jua lilikuwa limekwisha kuipita miti ya miwati ya ng'ambo, na chungu cha togwa bado kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Ema alikifunua, akakitazama, akakifunika tena. Akakinga macho kwa kiganja na kuitazama njia inayoshuka bondeni kutoka kwa majirani. Njia ilikuwa nyeupe kwa vumbi la Septemba, na juu yake hapakuwa hata na mbuzi.

"Uliwaambia ni leo?" aliuliza mumewe.

"Niliwaambia ni leo, baba Gideoni. Nyumba kwa nyumba."

"Labda wamesikia kesho."

"Wote?"

Enoki, mumewe, alikuwa amekaa juu ya mpini wa jembe pembeni mwa kinyungu, shamba lao la bondeni, amevaa koti lake jeusi la Jumapili, kwa sababu mwenye mgowe huwapokea watu kwanza ndipo avue koti. Sasa hapakuwa na wa kumpokea, na kulivua hivi hivi aliona ni kukubali jambo ambalo hakutaka kulikubali.

Watu wa Kitandililo hawahitaji kuelezwa mgowe ni nini, lakini kwa msomaji wa mbali tuseme tu hivi: mwenye shamba hupika, majirani huja na majembe yao, na jua likifika utosini shamba zima limegeuzwa, watu wanakunywa togwa, wanataniana, wanakwenda zao. Hakuna anayemlipa mwenziwe. Leo kwako, kesho kwangu. Anayelipwa ni kibarua, na kibarua ni mtu wa kutoka mbali asiye na ndugu. Kinyungu cha Enoki kilikuwa kipana, chenye udongo mweusi mzito wa bondeni, na mtoto wao wa pekee, Gideoni, alikuwa kwenye mkonge huko Tanga. Kisipolimwa sasa, hakuna mahindi mabichi wala maharage ya kuwavusha miezi ya njaa. Wazee wawili kwa majembe mawili wasingekimaliza kwa wakati.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefika. Alikuwa msafiri kutoka Mawengi, amejitwika mzigo, anakwenda Makambako kutafuta lori. Aliomba maji, Ema akampa togwa. Akanywa kibuyu kizima, akaomba cha pili.

"Togwa hili ni tamu, mama. Mgowe wa nani?"

"Wetu."

"Na watu?"

"Wanakuja."

Msafiri alikitazama kile chungu, akaitazama njia aliyopita yeye mwenyewe bila kukutana na mtu mwenye jembe, kisha akamtazama Enoki na koti lake. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Mungu awalete," alisema, akajitwika mzigo wake na kuondoka upesi. Ema alitamani angecheka. Kicheko angekivumilia kuliko ile huruma ya mpita njia.

"Nakwenda kwa kaka Kefa," alisema. "Kama hata Kefa hakuja, basi kuna msiba tusioujua."

*

Kilichomchoma Ema njiani ni kwamba mgowe huu alikuwa ameualika kwa heshima ambayo haijapata kuonekana pale kijijini. Kila nyumba aliyopita aliiachia karatasi.

Karatasi zililetwa na Yonathani. Huyu alikuwa kijana wa Njombe mjini, mwenye tai na baiskeli mpya, aliyekuwa akimtafutia kura bwana mmoja mwenye mashamba makubwa aliyetaka kuingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Ulikuwa mwaka ule wa kura tatu, mpiga kura mmoja anachagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, hata kama anayemtaka ni mmoja tu. Wenye haki ya kupiga kura kwa upande wa Kitandililo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole: mwalimu, karani wa baraza, na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Enoki hakuwa na kura. Alichokuwa nacho ni sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma somo kanisani kila Jumapili, na watu walisema Enoki akisoma hata mtoto mchanga hunyamaza.

"Mzee Enoki," Yonathani alimwambia siku ile, amekaa juu ya kigoda bora cha nyumba, anakula kuku ambaye Ema alimchinja kwa ajili yake, "tunatengeneza karatasi ya maneno ya wazee. Maneno ya amani tu. Jina lako litachapwa."

"Litachapwa?"

"Kwa mashine. Herufi kubwa."

Enoki alifikiri sana. Kisha akauliza, na Ema aliyekuwa jikoni alimsikia wazi, "Kama majina ya kwenye Biblia?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Usicheke, msomaji. Katika nyumba ile maneno ya kuchapwa yalikuwa matatu tu: Biblia, kitabu cha nyimbo na katekisimu. Hapakuwa na neno la kuchapwa walilolijua ambalo halikuwa kweli, wala jina la kuchapwa lisilokuwa la mtu mkubwa. Ukubwa ni jalala, walisema wahenga, lakini nani husikia hilo kabla ya kuupata ukubwa wenyewe? Karatasi zilipokuja, furushi zima limefungwa kwa kamba, Enoki alichomoa moja, akatafuta chini kabisa, akaweka kidole. ENOKI MLIGO, KITANDILILO. Akamwita mkewe. Ema alijifunza kusoma kwenye darasa la ubatizo, kwa herufi zilizochorwa ukubwa wa kidole. Maneno ya juu ya karatasi yalikuwa madogo kama punje za ulezi, wala hakujishughulisha nayo. Lile jina alilisoma herufi kwa herufi, akapiga kigelegele.

Karatasi moja waliigandisha ukutani kwa uji, karibu na mlango. Nyingine alizibeba Ema siku ya kualika mgowe. "Keshokutwa mje kinyunguni kwetu," alisema kila nyumba, "na hii hapa, mwone jina la baba Gideoni." Wengi hawakujua kusoma. Walipokea, wakashukuru, wakaiweka pembeni, kwa sababu si adabu kuchunguza zawadi mbele ya aliyeileta.

*

Telesia, mke wa Kefa, alikuwa uani akichambua maharage. Aliitikia salamu kwa "kamwene" bila kuinuka, wala hakusogeza kigoda. Ema alisimama, mikono haina pa kukaa.

"Wifi, huku kuna mgonjwa? Nimewangoja tangu asubuhi."

"Hakuna mgonjwa."

"Basi kulikoni?"

"Hakuna neno." Telesia alitupa jiwe dogo alilolipata katika maharage. "Tumeona tu kwamba wahuni wakija kwenye mgowe wa watu wakubwa watawatia aibu."

"Wahuni gani, wifi?"

Hapo Telesia aliinua uso, akamtazama wifi yake, na Ema aliona kwamba hasira ilikuwa imechanganyika na mshangao.

"Kwani hukusoma?"

"Nilisoma jina."

"Sisi alitusomea mtoto, jioni ile ile uliyoondoka. Kaka yako alimwambia arudie, akidhani mtoto amekosea." Telesia aliweka ungo chini, akayasema maneno kwa moyo kama mtu anayesema Baba Yetu. "'Sisi wazee wa Makambako na Kitandililo tumetazama, tumepima. Hawa wanaopita vijijini wakidai uhuru ni wahuni wasio na haya, waliokwisha kulala mahabusu, wasioweza kutawala hata banda la kuku. Tusiwape nchi.' Kisha majina. La mwisho la mumeo."

Kabla Ema hajapata la kusema, Kefa alitoka nyuma ya nyumba, jembe begani. Kaka yake alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa makelele. Miezi michache iliyopita alikuwa amekamatwa kwa kukusanya watu wa chama cha kudai uhuru uani kwake bila kibali. Walimlaza mahabusu huko Njombe, wakamtoza faini, wakamwachia. Ema ndiye aliyempelekea viazi vya kuchemsha, akatembea kutwa nzima, na alipomwona nyuma ya wavu alijivunia kuwa dada yake.

"Ema," Kefa alisema. "Yuko mtu mwingine wa Kitandililo aliyelala mahabusu? Nitajie."

"Hakuna, kaka."

"Angeniletea Yonathani, ningemcheka. Ulikuja nayo wewe. Ulinipa kwa mikono miwili."

Alisema hayo tu, akaenda zake shambani. Ema alitaka kusema kwamba hakujua. Lakini hakujua nini? Kusoma alijua. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, inayopita kwenye matete, ili asikutane na mtu, na kila paa aliloliona kwa mbali alikumbuka maneno aliyoyasema mlangoni pake, na jinsi alivyotabasamu akiyasema.

*

Enoki alipopanda na chungu cha togwa kutoka bondeni alimkuta akibandua karatasi ukutani kwa kisu. Uji ulikuwa umeshika vizuri. Udongo wa ukuta ulitoka pamoja na karatasi.

"Unaharibu nyumba, mama Gideoni."

"Ulisoma haya ya juu?"

Enoki alisimama mlangoni na koti lake. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya vizuri, nalo si jambo baya, ila siku nyingine linauma.

"Nilisoma jina," alisema.

"La nani?"

"Langu."

Ema alitaka kumgombeza mpaka koo limkauke. Alitafuta pa kuanzia, na kila alipoanzia alijikuta na yeye yupo hapo hapo, na kigelegele chake. Hasira ikakosa pa kusimama. Akaketi chini, Enoki akaketi kando yake, na nzi wakazunguka chungu cha togwa lililokuwa limeanza kuchacha.

"Nitamtafuta Yonathani," Enoki alisema mwishowe. "Aliondoe."

"Aondoe nini?"

"Jina."

Walikwenda Makambako wote wawili. Yonathani walimkuta kwenye hoteli ya chai pale njia panda, malori yanapogawana, ya Songea huku na ya Mbeya huko. Alikuwa na dereva mmoja, wanakula maandazi. Aliwaona, akainua mkono, hakuwaita. Walingoja nje, kwenye vumbi, Enoki ameshika kofia mkononi. Dereva alimaliza chai yake, akaagiza nyingine.

"Enhe, mzee?" Yonathani alitoka akichokonoa meno. Siku ya kuku alimwita Mzee Enoki, tena kwa kuinama kidogo. Leo jina lilikuwa limemtoka.

"Bwana Yonathani, yale maneno siyo yangu. Naomba uniondoe."

"Nikuondoe wapi? Karatasi ziko Iringa sasa hivi. Ziko mpaka Tukuyu."

"Basi chapa nyingine. Iseme Enoki Mligo hakusema."

"Chapa haiendi kwa mate, mzee. Una fedha?" Dereva, aliyekuwa amesogea mlangoni kusikiliza, alicheka. Yonathani naye, kwa kuona amepata mtazamaji, akaongeza, "Hebu niambie. Kwani wewe una kura?"

"Sina."

"Basi shida yako ni nini?"

Enoki, ambaye sauti yake ilinyamazisha watoto kanisani, alivaa kofia yake. Ema alimshika mkono wa koti, akamwongoza kuelekea sokoni, na huko ndiko walikokuta mama mmoja anayeuza chumvi. Alikuwa anaifunga chumvi katika karatasi zilizokunjwa pembe. Karatasi ni adimu, na Yonathani alikuwa amezigawa bure. Juu ya fungu moja, mahali karatasi ilipojizungusha, Ema alisoma: NOKI MLI.

Alinunua fungu lile, ingawa chumvi ilikuwapo nyumbani. Akanunua na la pili. Kisha akaona kando ya muuza chumvi furushi lenyewe, nene kama mto wa kulalia, limewekewa jiwe lisipeperuke, na senti zake zilikuwa zimekwisha.

"Unapenda sana chumvi, mama," muuzaji alisema kwa uchangamfu.

"Ndiyo," alijibu Ema. "Mume wangu anaipenda."

*

Jumapili Enoki alisoma somo. Watu hawakunung'unika; afadhali wangenung'unika. Walitazama miguu yao. Baada ya ibada mikono aliyozoea kuishika pale mlangoni ilikuwa imebeba watoto au imeshika vitabu, na kwa vyovyote haikuwa na nafasi. Enoki alimfuata mchungaji, akaomba akalishwe kwenye benchi la nyuma, wanakokaa waliotengwa, mpaka atubu mbele ya usharika kama wanavyotubu walevi na wazinzi. Mchungaji alimwonea huruma lakini alikataa. Siasa haikuwa dhambi iliyoandikwa, alisema, na kama angeanza kuwatenga watu kwa siasa hajui angemaliza na nani.

"Basi nitatubia wapi?" Enoki alimuuliza mkewe njiani.

Ema hakujua. Lakini juma lile zilipita habari kwamba Kefa anaita mgowe. Zilipita nyumba kwa nyumba, na nyumba yao zikairuka. Ema alizipata kisimani, kwa wanawake walionyamaza alipofika.

"Tutakwenda," alisema usiku wakila.

"Hatukualikwa."

"Wale nao niliwaalika, hawakuja. Sisi hatukualikwa, tutakwenda."

"Mbele ya watu wote, mama Gideoni?"

"Karatasi nilizigawa mbele ya nani?"

*

Walipotokea juu ya bonde, majembe yao begani, watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari na wimbo umeanza. Wimbo ulikatika sehemu sehemu, mwimbaji mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoonekana. Kefa alisimama mbele ya mstari. Hakuonekana kushangaa, wala kufurahi.

"Kamwene, shemeji," Enoki alisema.

"Kamwene."

Kefa alichomeka jembe ardhini. Akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo.

"Shemeji, kila Jumapili unatusomea. Tusomee na hii. Wengi hapa hawajui kusoma, wamesikia kwa watoto, na watoto hukosea."

Ema alimtazama mumewe. Angeweza kugeuka, njia ilikuwa wazi nyuma yake. Enoki alivua kofia, akampa Ema aishike, akaikunjua karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho kama afanyavyo kanisani. Akasoma. Sauti nyingine ya kusomea hakuwa nayo, kwa hiyo alisoma kwa ile ile, nene, ya polepole, inayongoja kila nukta. "Sisi wazee wa Makambako na Kitandililo tumetazama, tumepima." Ilifika mpaka kwa wanawake waliokuwa motoni juu kule, wakaacha kukoroga. "Hawa wanaopita vijijini wakidai uhuru ni wahuni wasio na haya." Hapo alisimama. "Waliokwisha kulala mahabusu." Hakuinua macho kumtazama Kefa. "Wasioweza kutawala hata banda la kuku." Mtu mmoja nyuma aliguna kama anataka kucheka, kisha akaona hapana.

Akaingia kwenye majina. "Elieza, Makambako. Abrahamu, Makambako." Wale walikuwa mbali, walikuwa majina tu. Akafika chini, pale alipokuwa ameweka kidole siku ile kwa furaha, na sauti ikamwishia. Watu walingoja.

"Enoki Mligo, Kitandililo," alisema Ema.

Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, akairudia. "Enoki Mligo, Kitandililo. Na Ema mkewe, aliyezigawa nyumba kwa nyumba. Hakuchapwa. Lakini na yeye msomeni."

Ema aliona kofia ya mumewe imemkunjamana mikononi, akaanza kuinyoosha, akainyoosha sana, kwa sababu asingeweza kuinua uso. Aibu aliyoisikia pale ilikuwa na uzito wa kweli, na jambo la ajabu ni kwamba hakutamani kuikimbia.

Kefa aliichukua karatasi, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha mfukoni. "Jua linapanda," aliwaambia watu. Kisha, akiwaelekeza shemeji na dada yake mwisho wa mstari, kwenye matete yenye mizizi mizito, "Nyinyi mtashika kule."

Walilima kule. Wimbo ulianza tena, lakini kwa mbali. Mizizi ya matete ilirudisha jembe kila lilipopiga, na Enoki, ambaye kwa umri wake angepewa sehemu laini, alilima bila kuinua mgongo. Jua lilipofika utosini togwa lilishuka. Telesia alilipitisha kibuyu kwa kibuyu, akafika kwa jirani yao wa karibu, akamnywesha, akageuka.

Watu walipoanza kuondoka, Kefa aliwafuata. Mkononi alikuwa na thumni, sarafu moja ya senti hamsini.

"Hii ni yenu," alisema.

"Kaka, huu ni mgowe."

"Niliowaita wamekunywa. Ambaye sikumwita, namlipa."

Majirani walisimama kutazama. Kila mmoja pale alijua maana yake: kibarua, mtu wa kutoka mbali. Enoki aliitazama sarafu ile kama mtu anayetazama nyoka, mikono yake ikabaki kwenye mpini. Ema ndiye aliyeinyoosha yake. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka," alisema, akaifunga katika pindo la kanga.

*

Siku ya kura ilikuja ikapita. Mwalimu, karani na yule mwenye ng'ombe walikwenda wakapiga, wakarudi. Baadaye zikafika habari kwamba bwana wa Yonathani ameshindwa, na watu wa Kefa wakacheza ngoma mpaka asubuhi. Enoki na Ema waliisikia wakiwa wamelala. Karatasi hazikuonekana tena ukutani kwa mtu. Zilikuwa zimekwisha kwenye chumvi, kwenye tumbaku na kwenye kuwashia moto, lakini Ema hakujidanganya. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyekuwa ameubeba mtungi.

Walikilima kinyungu peke yao, kipande kwa kipande. Ile thumni Ema hakuitumia. Mara mbili alihitaji mafuta ya taa, mara mbili akalala gizani. Nusu ya bonde ilikuwa bado haijaguswa, na mawingu ya kwanza yalikuwa yanajikusanya upande wa Njombe. Enoki alikwisha kuacha kuyatazama.

Asubuhi moja Ema aliposhuka bondeni alisikia jembe. Alidhani ni mumewe, kisha akakumbuka amemwacha nyumbani anajipaka dawa ya kiuno. Ng'ambo ya kinyungu, kwenye upande usioguswa, Kefa alikuwa amevua shati na analima. Hakuamkia. Ema naye aliogopa kusema neno lolote lisije likawa lile lisilotakiwa. Akaanza kulima kutoka upande wake. Enoki alifika, akaona, akavua koti kimya kimya, akaingia. Walilima hivyo, watatu, bila wimbo, mpaka jua likafika utosini.

Kefa alisafisha jembe lake kwa kijiti, akavaa shati, akaja akasimama mbele ya dada yake.

"Kibarua wako amemaliza," alisema. "Hakuna aliyeniita. Nilipe."

Ema alifungua fundo la kanga. Thumni ilikuwa imepata joto la mwili. Kefa aliipokea, akaigeuza upande huu na upande huu kama Mhindi wa dukani, akaitia mfukoni. Halafu hakuondoka. Aliketi kwenye ukingo wa kinyungu, akanyoosha miguu, akafuta jasho.

"Haya, malipo tumemaliza," alisema. "Togwa liko wapi?"

Ema alimtazama mumewe, Enoki akatazama chini. Tangu siku ile ya chungu kujaa na njia kuwa tupu, Ema hakuwa amepika togwa tena. Moyo ulikuwa umekataa. Na sasa kaka yake ameketi kwenye udongo wake, ana kiu, na nyumbani hakuna hata tone.

"Hakuna, kaka," alisema, na aibu ikamrudia nzima, mpya kama ya siku ya kwanza. "Sikupika."

Kefa alilitazama bonde, sehemu iliyobaki. Akainuka taratibu, akalitia jembe begani.

"Basi pika," alisema. "Keshokutwa nakuja na watu. Tena pika kwa wingi, Ema. Wahuni wanakunywa sana."

Enoki alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, akajiziba mdomo. Ema hakuweza kucheka. Alipanda nyumbani haraka, akaingia ndani kutafuta kimea, na huko ndani, ambako hapakuwa na wa kumtazama, akakaa kando ya chungu kitupu akalia.